Ilundila Yaletewa Utamaduni Wake

Kuna nchi isiyokuwamo kwenye ramani, na serikali yake inasema kosa ni la wachora ramani. Ina bendera, ina wimbo wenye beti kumi na nne, ina Wizara ya Elimu, Mila na Sherehe, na juu ya wizara hiyo amekaa Mheshimiwa Daktari Daktari Tindwa. Udaktari wa kwanza aliusomea. Wa pili alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo, na kwa kuwa si mtu wa kubagua, huutaja wote.

Mambo ya kijiji cha Ilundila yalianza Mheshimiwa aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo, uliofanyika kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea kila ghorofa. Huko aliambiwa kwamba watoto wa vijijini hufundishwa mambo yasiyogusa maisha yao, na kwamba mtaala unapaswa kufuata utamaduni wa mahali. Maneno hayo yalimchoma. Inasemekana alikaa siku nzima bila kuogelea. Aliposhuka kwenye ndege alitangaza redioni kwamba kila kijiji kitakuwa na utamaduni wake ndani ya siku tisini, na kijiji kitakachochelewa kitachukuliwa hatua.

Mwalimu Nyamizi aliisikia taarifa hiyo akisahihisha madaftari, na tumwonee huruma, maana alifurahi. Alikuwa mzaliwa wa Ilundila, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akifundisha hisabati katika shule ya kijiji. Ilundila ni kijiji cha warina asali. Huko kitu chenye uhai ndani yake hakitajwi idadi: si watoto, si mbuzi, wala mizinga ya nyuki. Ukimuuliza mtu ana mizinga mingapi, atakujibu, "Ipo." Usidhani kwamba hajui. Kila familia ina kamba yake ya magome, na kila mzinga una fundo lake, mizinga kumi ina fundo nene, nusu ina fundo la kupindwa. Bibi wa Ilundila huipitisha kamba vidoleni na kuigawa asali ya msimu kwa nyumba saba, mjane akipewa mafungu mawili, kabla wewe hujamaliza kuchonga penseli.

Nyamizi alikuwa amezileta kamba hizo darasani. Sehemu, uwiano na asilimia vilipita kwanza vidoleni mwa watoto, ndipo vikaenda ubaoni, na namba za ubaoni hazikumkera mtu kwa sababu hazina uhai. Kila mwaka watoto wake waliongoza wilaya nzima kwa hisabati, na kila mwaka hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini. Kwa hiyo aliposikia habari ya mtaala na utamaduni, alijua serikali imewafikia hatimaye. Alimaliza kusahihisha huku akiimba.

*

Baada ya wiki tatu alikuja Afisa Utamadunishaji, Bwana Chrispin Mwangalaba, kijana nadhifu mwenye fomu ya kurasa kumi na mbili. Iliitwa Tamko la Utamaduni. Watu walikusanyika shuleni, naye akawaeleza kwamba serikali haikuja kuwafundisha chochote, bali kuwasikiliza, na akawasikilizisha jambo hilo kwa muda wa saa moja na nusu.

Fomu ilikuwa na nafasi ya Ngoma, ya Vazi la Asili, ya Chakula cha Asili na ya Miiko. Nafasi ya mambo ambayo watu wanayajua haikuwapo, ila mwishoni kulikuwa na Mengineyo, yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Aliyejibu kuhusu ngoma alikuwa Mzee Lugembe, mjomba wake Nyamizi, mtu aliyeanza kurina asali kabla nchi haijabadili bendera yake mara ya pili na ambaye ulimi wake haukuwahi kuogopa suti. Alisema Ilundila haina ngoma. Nyuki hawapendi makelele, kwa hiyo hata harusi huimbwa kwa sauti ya chini. Bwana Mwangalaba akamweleza kwa upole kwamba nafasi haiwezi kuachwa tupu kwa sababu kompyuta ya makao makuu ingekataa, na akaandika: "Ngoma ipo, inatafutwa." Kwenye vazi aliambiwa kwamba wakati wa kurina watu huvaa magunia na mabuti ya mpira. Akaitazama hadhira kwa masikitiko, akaandika "Manyoya".

Ilipofika miiko, mama mmoja kwa nia njema akataja kwamba vitu hai havitajwi idadi. Afisa aliruka kwa furaha. Huo ulikuwa mwiko wa kwanza halisi aliokutana nao tangu aanze ziara, maana vijiji vyote vya nyuma vilimwambia wanakatazwa kuiba. Akaandika kwa herufi kubwa: HAWAHESABU.

Nyamizi alinyoosha mkono. Alieleza habari ya kamba kwa utulivu, akampa moja aishike. Bwana Mwangalaba aliigeuza huku na huku, akauliza kama huwa inachezwa. Alipoambiwa haichezwi, aliirudisha akisema kwamba hicho ni kifaa, na vifaa viko chini ya wizara nyingine.

*

Utamaduni wa Ilundila ulifika kwa lori siku ya themanini na nane. Ulikuwa na ngoma sita kubwa, mavazi arobaini ya manyoya ya mbuni, na makatoni ya vitabu. Mbuni hajawahi kuonekana Ilundila, na watoto walijadiliana kwa muda ni mnyama wa namna gani. Pamoja na mzigo huo alishuka mkufunzi kutoka mji mkuu, aliyetumwa kuwafundisha wenyeji wawe wenyeji.

Vitabu ndivyo vilivyomkalisha chini Nyamizi. Jalada lilisomeka *Hisabati ya Kienyeji, Darasa la Saba, Toleo la Ilundila*, na ndani yake hamkuwa na namba hata moja, hata kwenye kurasa. Zoezi la kwanza lilisema: "Mzee ana mizinga mingi. Mingine ikaibwa. Je, amebakiwa na mizinga mingapi?" Jibu lilikuwa nyuma ya kitabu: "Michache." Zoezi la pili lilitaka asali nyingi igawanywe kwa watu wengi, na jibu lake lilikuwa kwamba kila mmoja atapata ya kumtosha akiwa na subira. Dibaji iliandikwa na Mheshimiwa mwenyewe. Alisema kitabu hicho kinamrudishia mtoto wa kijijini heshima aliyoporwa na jedwali la kuzidisha.

Watu wazima nao walipewa mafunzo ya wiki mbili na mtihani wa kuhitimu. Mzee Lugembe aliulizwa kabila lake huvaa nini wakati wa mavuno. Akajibu mabuti. Aliulizwa babu zake walipiga ngoma gani kuwaita nyuki, akajibu kwamba babu anayewapigia nyuki ngoma huzikwa jioni ileile. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina lake paliandikwa "Chache". Akataka kujua ni chache kati ya ngapi. Mkufunzi akamwambia kwamba, kwa kuheshimu utamaduni wake, hawezi kumtajia.

Kijiji kilicheka siku mbili. Nyamizi hakucheka, kwa sababu alikuwa amesoma waraka uliokuja ndani ya katoni la mwisho.

Waraka ulisema kwamba mtihani wa taifa wa darasa la saba utabaki ulivyo, na namba zake zote. Baraza la Mitihani liko ghorofa ya tisa, Idara ya Mitaala iko ya pili, na lifti ya wizara ilikuwa imeharibika tangu serikali iliyopita. Ulisema pia kwamba watoto wa Ilundila watakaoshindwa mtihani huo hawatatupwa. Watapelekwa kwenye Chuo cha Ngoma za Mapokezi, kilicho karibu na uwanja wa ndege, wakawachezee wageni wa taifa kwa miaka minne. Walikuwa watoto kumi na tisa. Nyamizi alimjua kila mmoja kwa mwandiko wake, na alipowafikiria wamevishwa manyoya, wanaruka juani wakimsubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa, alishikwa na hasira.

Akaamua. Kuanzia Jumatatu, *Hisabati ya Kienyeji* ilifunguliwa juu ya kila dawati, ukurasa wa picha ya mbuni, na chini ya dawati vidole vya watoto viliendelea na kamba. Ilikwenda vizuri kwa miezi minne. Kisha Bwana Mwangalaba akaja bila taarifa, akaangusha kalamu yake, akainama kuiokota, akaona kamba kumi na tisa. Nyamizi alipewa barua ya onyo kwa kosa la kuingiza mbinu za kigeni katika jamii ya wenyeji. Nyumba alimozaliwa ilikuwa inaonekana kutoka pale aliposimama. Alisaini kwamba amepokea, na kesho yake akafundisha asilimia.

*

Mtihani ulifanyika, matokeo yakatoka. Watoto wote kumi na tisa walifaulu, na Milembe, mjukuu wa Mzee Lugembe, alikuwa wa kwanza wilayani kwa alama tisini na sita za hisabati. Ilundila ilisherehekea kwa namna yake. Watu walikuja shuleni mmoja mmoja, wakamwekea Nyamizi mkono begani, wakaondoka bila kusema kitu. Alilia mbele za watu na hakuona aibu.

Siku ya tano ikaja barua yenye mihuri mitatu. Ilisema kwamba jamii ya Ilundila, kwa mujibu wa Tamko lake yenyewe, haihesabu. Watahiniwa wa Ilundila wamehesabu, tena kwa usahihi unaotia shaka. Kwa hiyo ama wameiba mtihani, ama wameudharau utamaduni wa wazee wao, na Wizara, ikiwa mlezi wa yote mawili, inayafuta matokeo. Watahiniwa waripoti Chuo cha Ngoma za Mapokezi tarehe moja, kila mmoja akiwa na kandambili.

Nyamizi aliwasomea wanafunzi wake barua hiyo hadi mwisho, maana hakuwahi kuwaficha kitu. Milembe ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, nilikosea swali gani?"

"Hukukosea."

"Zile alama nne ambazo sikuzipata. Labda ningezipata wasingekasirika."

 Nyamizi alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko la shule mpaka uso wake ukakauka, kisha akaenda kuomba ruhusa ya safari.

*

Alisafiri siku mbili kufika makao makuu, akakaa kwenye benchi siku ya tatu, na siku ya nne akapokewa na Mkurugenzi wa Mitaala na Mila, Bi. Sekunda. Mama huyo alikuwa mkarimu. Alimwagizia chai na maandazi, akamsikiliza akitikisa kichwa kwa uchungu, kisha akamhutubia kana kwamba chumba kimejaa.

"Mwalimu, sisi hapa tunalinda hazina. Wenzetu walioendelea wanawaonea wivu watu wako, ambao hawajaharibiwa na tarakimu. Wewe unataka nimwambie Mheshimiwa kwamba hazina hiyo imepata tisini na sita?"

Nyamizi akaomba watoto warudie mtihani, mbele ya polisi wakipenda. Bi. Sekunda alisema hilo lingekuwa baya zaidi. Wakifaulu tena watakuwa wamewatukana mababu zao mara mbili, na Wizara haina mihuri ya kutosha kwa jambo kama hilo. Akaomba basi afisa mwingine aje aone kamba. Akajibiwa kwamba kamba haimo kitabuni, na kitabu kimeshazinduliwa.

Ilikuwa wakati huo, akiwa hana tena la kuomba, ambapo Nyamizi aliinamisha macho mezani akaona rundo la fomu za rangi ya waridi. Ya juu kabisa ilikuwa imejazwa kwa wino mzuri. Ilikuwa Fomu Namba 14, Ungamo la Kutokuwa na Utamaduni. Jina la mzazi lilikuwa Tindwa, Daktari Daktari. Watoto: watano.

Aliuliza ni nini ile. Bi. Sekunda hakuona haya hata kidogo, kwa sababu hakuona kitu cha kuonea haya. Alieleza kwamba agizo la Mheshimiwa lilipotoka, wakubwa wengi walipata wasiwasi kuhusu watoto wao wenyewe. Haiwezekani mtoto wa waziri ajifunze hesabu za chache na nyingi, maana kesho ndiye atakayeshika hazina ya nchi. Ndipo ikatengenezwa fomu hiyo. Mzazi anaungama kwamba yeye na nyumba yake hawana mila, na kuanzia hapo watoto wake wanafuata mtaala wa kawaida na mtihani wa kawaida, na matokeo yao hayahojiwi na mtu.

"Inaanza kufanya kazi lini?" aliuliza Nyamizi.

"Tangu kuzaliwa. Mtu hawezi kuwa na utamaduni Jumanne akawa hana Jumatano, si jambo la busara."

"Na nani anaruhusiwa kuijaza?"

"Raia yeyote. Sheria haibagui." Bi. Sekunda alicheka kidogo. "Lakini huko kwenu, Mwalimu, nani atakubali?"

Nyamizi alimaliza andazi lake, akaomba fomu za kutosha kijiji kizima. Aliulizwa ngapi. Akasema nyingi.

*

Watu wa Ilundila walikusanyika shuleni, na Nyamizi akawasomea fomu kwa sauti. Ilikuwa fupi. "Mimi ninayetia sahihi hapa chini natamka kwamba sina mila, desturi wala asili ninayoijua, na kwamba sikurithi chochote kutoka kwa walionizaa."  Aliwaeleza kwamba watoto watapata shule ikiwa wazazi watasaini, na kwamba Wizara huenda ikataka kujua wazazi hao wamelelewa na nani, kwa hiyo ni heri wasaini wote.

Mzee Lugembe aliichukua fomu yake, akaisoma tena peke yake, taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akamtazama mpwa wake.

"Nyamizi, mwanangu. Mama yako nilimzika kwa desturi gani?"

"Mjomba, hii ni karatasi tu."

"Ingekuwa karatasi tu, wasingetaka sahihi yangu."

 Nyamizi alisema tu kwamba linamuuma, na kwamba yeye ameshasaini ya kwake kwenye basi, akapiga muhuri wa machozi juu yake.  Milembe alikuwa mlangoni, na mzee hakumtazama, ila kila mtu aliona kwamba anajitahidi asimtazame. Mwishowe aliomba kalamu. Aliandika jina lake kamili, jina la baba yake na jina la babu yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani, chini ya maneno yaliyosema kwamba hakurithi chochote kutoka kwao. Baada ya hapo watu wakapanga foleni, na kufikia saa kumi alasiri Ilundila haikuwa na utamaduni wowote.

Makao makuu hayakuwa na la kufanya. Kuzikataa fomu za Ilundila kungelazimu kuzikataa nyingine zote zilizokuwa kwenye rundo lile, pamoja na ya juu kabisa. Matokeo yakarudishwa. Kwenye ripoti ya mwaka, Mheshimiwa alieleza kwa huzuni kwamba kuna kijiji kimoja kilichopoteza utamaduni wake wote kwa siku moja, akaomba wafadhili wasaidie utafiti kuhusu chanzo cha msiba huo.

Siku ya watoto kwenda sekondari, lori la Wizara lilikuja kuchukua ngoma na manyoya, kwa kuwa watu wasio na utamaduni hawaruhusiwi kukaa na mali ya utamaduni. Bwana Mwangalaba alikuwa mbele na daftari lake. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo alikubali kuwabeba watoto na masanduku yao hadi wilayani, wakakaa katikati ya ngoma ambazo hazikuwahi kupigwa. Hakuwa mtu mbaya.

Kabla hawajapanda, akina mama walijipanga kando ya lori wakiwa na mabonge ya nta laini. Mmoja baada ya mwingine, kila mtoto alinyoosha mikono, akapakwa nta kwenye viganja vyote viwili, ili nyuki wa huko aendako wamtambue kuwa ana kwao. Yaliimbwa maneno kwa sauti ya chini sana, na wanaume walivua kofia. Milembe alipakwa na babu yake, na mzee alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyamizi alisimama kando akiwaangalia wote kumi na tisa, asijue aweke wapi mikono yake mwenyewe.

Bwana Mwangalaba alikuwa ameshuka. Alitazama hadi mwisho bila kupepesa macho, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa safi, akamsogelea Mzee Lugembe, na kwa mara ya kwanza tangu afike kijijini hapo aliuliza swali huku akitaka kweli kujibiwa.

"Mzee, hii ni mila gani? Mbona hamkunitajia siku ile?"

Mzee Lugembe alijifuta nta vidoleni kwa kona ya shati.

"Si mila, bwana mkubwa," alisema. "Sisi hatuna. Tumesaini."